Ile GPS ya njano kwenye droo bado inasoma

Moshi ni mji wa mlima, na mji wa mlima una GPS nyingi, vile vifaa vya kukuonyesha mahali ulipo kwa setelaiti, kuliko watu wanavyodhani. Zimo kwenye droo za waongoza watalii waliopewa na wageni siku ya kushuka, zimo kwenye makabati ya mabwana misitu waliostaafu, zimo kwenye mabegi ya miradi ya maji na ya kahawa iliyokwisha muda wake. Nyingi ni zile ndogo za njano, eTrex za kampuni ya Garmin, zinazotosha kiganjani. Muulize mwenyewe, atakwambia mbovu. Mbane kidogo, atakubali kwamba inawaka vizuri tu, ila ukiichomeka kwenye laptopu haisomi. Na siku hizi kitu kisichosoma kwenye laptopu kinahesabiwa kimekufa.

Mimi nina steshenari ndogo maeneo ya Mbuyuni. Natoa kopi, naprinti, nawajazia vijana fomu za mtandaoni, na kwa kuwa chini ya meza nina boksi la waya za kila aina, watu huniletea vifaa hivi. "Dada, hebu nitazamie hii, kama haina maana niitupe." Sikubali itupwe. Karibu zote zinasoma, mradi ujue ni ya kizazi gani na inataka waya gani. Nimeona niyaandike haya mahali pamoja, maana maelezo mengi yaliyopo yaliandikwa na watu wa Marekani na Ulaya kwa mazingira yao, na huku kwetu kuna mambo mawili matatu ambayo wao hawana sababu ya kuyataja.

Ninazo mbili. Ya kwanza ni ile eTrex ya zamani kabisa, ya mwaka 2000, niliyopewa na baba mdogo. Alifanya kazi ya misitu miaka mingi, na alipostaafu alinikabidhi GPS pamoja na ramani zake za karatasi. Ya pili ni eTrex 10, niliinunua kwa mwongoza watalii aliyehamia kwenye saa ya mkononi. Kwa macho ni kama mtu na mdogo wake, zote za njano, lakini ndani hazifanani hata kidogo, na hapo ndipo wengi wanapokwamia.

Kinachonifanya nizihangaikie ni mchezo wa kutafuta makasha, unaojulikana duniani kama jiokashingi. Mtu anaficha kasha lisiloingia maji, ndani yake kuna daftari, penseli na vitu vidogo vidogo, kisha anatangaza koodineti zake, yaani namba za mahali lilipo. Wengine wanakwenda kulitafuta. Ukilipata unaandika jina lako kwenye daftari, ukichukua kitu unaacha kingine cha thamani ile ile au zaidi, na kasha unalirudisha palepale ulipolikuta. Mchezo huu ulizaliwa na uamuzi wa siku moja. Hadi 1 Mei 2000 serikali ya Marekani ilikuwa ikivuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS wanayotumia raia, hata kosa likaweza kufika mita 100. Siku hiyo Rais Clinton akatangaza kwamba uvurugaji unakoma. Tarehe 3 Mei Dave Ulmer akaficha ndoo msituni karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akatangaza mahali ilipo kwenye intaneti: N 45° 17.460, W 122° 24.800. Humo mlikuwa na vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Mike Teague ndiye aliyeipata kwanza. Watoto wa dada yangu wamesikia habari nyingi kutoka kwangu, lakini hilo kopo la maharage ndilo wanaloniomba niwasimulie tena.

Mtu ataniuliza, simu je? Simu inaweza. GPS ya simu ya leo ni nzuri, na ukienda peke yako mchana mmoja inakutosha. Ila mimi natoka na watoto, wengine wa darasa la nne, na huko Kibosho na Old Moshi kila baada ya hatua chache unaruka mfongo, ule mfereji wa maji ya mashamba. Sitampa mtoto simu ya laki tatu aruke nayo maji, halafu betri ikikata tusiwe na cha kupigia nyumbani. eTrex 10 inakwenda saa 25 kwa betri mbili za AA, ikidondoka kwenye maji unaiokota unaifuta, na mtoto akiishika anajua kabisa kwamba kazi imekabidhiwa yeye. Simu ikiwa mkononi anasubiri meseji. Hii haina meseji. Ina mshale na mita zinazopungua.

Sasa, kwa nini kompyuta? Kwa sababu kuandika pointi, yaani jina la mahali na koodineti zake, kwa vidole ni mateso. Ile ya zamani ina vitufe vitano tu pembeni, na kila herufi na kila tarakimu unaifuata kwa kupanda na kushuka. Na tarakimu hizo hazisamehi. Koodineti za mchezo huu huandikwa kwa nyuzi na dakika zenye desimali tatu. Ukikosea desimali ya mwisho kwa moja tu umehama kama mita 2, hilo macho yatalimaliza. Ukikosea ya katikati umehama kama mita 18, uko kwenye shamba la jirani. Ukikosea ya kwanza baada ya nukta ni mita 185, na mbele yenu inaweza kuwa imekaa korongo zima. Faili la kompyuta linazihamisha zote kwa mara moja, bila mkono kuchoka.

Nianze na ile rahisi. eTrex 10, 20 na 30 zilitoka mwaka 2011, na zote zina tundu la USB ndogo la zamani, mini, si hili la simu. Liko mgongoni, chini ya kifuniko cha mpira. Hapo shida ni moja tu, waya. Waya wa USB una nyuzi nne ndani, mbili za umeme na mbili za kupitisha data, na waya nyingi za bei ya chini zinazouzwa na vispika na redio ndogo zimewekewa zile mbili za umeme peke yake. Ukichomeka, GPS inawaka, mwanga unakuja, lakini kompyuta haioni kitu, na mtu anaondoka akiamini kifaa kimeharibika. Usinunue kitu kabla hujabadilisha waya. Mahali pazuri pa kuupata mjini ni kwenye vyumba vya gemu. Padi za PlayStation 3 zinatumia tundu hilo hilo, na waya wake lazima upitishe data, la sivyo padi haitambuliwi na mashine. Waya ninaoutegemea dukani nimeupata kwa kijana anayechezesha gemu, kwa bei ya soda mbili, na unasoma kamera, diski za nje na GPS bila tatizo.

Ikisoma utajua. Skrini ya GPS inabadilika na kuonyesha picha ya kifaa kilichounganishwa na kompyuta, na kwenye kompyuta inatokea diski mpya kama ya flashi. Hakuna draiva, ile programu ndogo ya kuitambulishia kompyuta kifaa, hakuna programu nyingine. Fungua folda ya Garmin, ndani yake kuna folda ya GPX, weka faili lako humo. Kisha, tafadhali, toa kifaa kwa utaratibu kama unavyotoa flashi. Usichomoe tu. Faili lililokatwa katikati linaweza kukifanya kifaa kikwame kikiwa kinawaka, na hilo ni la kukuharibia Jumamosi. Faili ukilitoa kwenye tovuti ya mchezo, pointi zake zinaingia kwenye menyu ya Geocaches pamoja na maelezo na kidokezo. Ukilitengeneza mwenyewe kama pointi za kawaida, utazikuta kwenye Waypoint Manager. Wengi wanatafuta kwenye menyu moja, hawazioni, wanasema faili halikuingia.

Kuhusu faili lenyewe, hapa nitakaa kidogo, maana ndipo watu wa kusini mwa ikweta tunapoteseka kuliko wenzetu.

GPX ni aina ya faili la kubebea pointi, na ndani yake ni maandishi tu. Lifungue kwa Notepad, usiogope. Utaona kila pointi ina mstari wake, na ndani ya mstari kitu kama hiki: lat="-3.35000" lon="37.33333". Hapo ni Moshi. Kile kistari kidogo mbele ya 3 ndicho kusini. Kikidondoka, kwa mfano ukinakili kutoka kwenye jedwali lililokipoteza, GPS haitalalamika kabisa. Itakuonyesha mshale wa kaskazini na umbali wa zaidi ya kilomita 700, maana umeshaihamisha pointi yako hadi upande wa Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Kenya. Kwa hiyo nikipewa kifaa na mtu akaniambia "inaonyesha umbali wa ajabu", jambo la kwanza ninalotazama ni kistari hicho.

La pili ni nyuzi na dakika. Faili linataka nyuzi zenye desimali, kifaa kinaonyesha nyuzi na dakika. S 03° 21.000' si 3.21. Zile 21 ni dakika, nazo ziko 60 katika nyuzi moja, kwa hiyo unagawanya 21 kwa 60 unapata 0.35, na jibu ni -3.35000. E 037° 20.000' nayo inakuwa 37.33333. Mtu akiandika 3.21 na 37.20 moja kwa moja, pointi ya Moshi mjini inaruka zaidi ya kilomita 20 kwenda upande wa Machame. Mtoto wa dada aliye darasa la sita sasa ndiye mkaguzi wetu wa hilo. Ananijia na kikokotoo: "Mama mdogo, hii ishirini na moja umeshaigawanya?" Hesabu ya desimali aliyokuwa akiikimbia shuleni anaifanya kwa hiari, kwa sababu kuna kasha mwisho wake. Mimi hilo peke yake linanitosha kuendelea.

Sasa ile ya zamani, ya baba mdogo. Hii haina USB ya aina yoyote. Mgongoni, juu, kuna kifuniko cha mpira, ukikifunua unaona vipande vinne vya chuma vilivyolala sambamba, na plagi yake inateleza kuingia juu yake. Mwisho wa pili wa waya una plagi pana ya matundu tisa, ya siriali, ambayo laptopu za leo hazina pa kuiweka. Kama waya umepotea, tafuta uliotengenezwa kwa ajili ya eTrex, eMap au Geko, zote za Garmin, plagi ni ile ile. Waya wa plagi ya mviringo wa GPSMAP za zamani, nazo za Garmin, hauingii hapa, hata muuzaji aape.

Kabla ya kompyuta, safisha vile vyuma vinne. Kifaa kikikaa miaka kwenye droo ya nyumba yenye jiko la kuni, utando unajijenga, mweusi au wa kijani, usioonekana vizuri mpaka upige tochi kwa ubavu. Nachukua kifutio cha penseli, kile cheupe kilaini, nafuta taratibu kwa urefu wa chuma, si kwa upana, napuliza vumbi lake, kisha pamba yenye spiriti kidogo. Betri ziwe zimetolewa. Chuma kinarudi rangi ya dhahabu. Vifaa vingi vilivyofika dukani kwangu vikiitwa mbovu vimepona hapo, kabla hata sijawasha kompyuta.

Kinachofuata ni adapta ya kutoka siriali kwenda USB. Zipo za bei rahisi sana, na zenye chipu za kuiga zinaleta taabu: Windows ya sasa inazitambua kwa jina, inaweka draiva, halafu inaandika haiwezi kuianzisha. Ukiona alama ya njano ya mshangao mbele ya jina lake kwenye Device Manager, orodha ya vifaa ya Windows, usipoteze jioni nzima. Ama tafuta adapta yenye chipu ya kampuni ya FTDI, ama tumia kompyuta ya zamani ya mezani yenye tundu la siriali halisi. Mimi ninayo moja, haijui hata intaneti, kazi yake imebaki kuongea na GPS za wazee. Anayetumia Linux adapta nyingi zinamkubali bila kuulizwa.

Adapta ikishakubali, angalia hapo hapo kwenye Device Manager imepewa namba gani, mfano COM3. Kwenye GPS ingia Setup, kisha Interface, hakikisha imeandikwa GARMIN na si NMEA. NMEA ni lugha ya kutangaza tu mahali kifaa kilipo kila mara, haipokei orodha ya pointi. Halafu programu. Ninayoipenda ni GPSBabel, ya bure, iliyoanzishwa na Robert Lipe, nayo inaelewana na GPS za aina nyingi sana. Ina dirisha la kubofya, lakini mimi huandika amri yenyewe, kwa sababu likitokea kosa inaniambia ni kosa gani:

gpsbabel -i gpx -f rau.gpx -o garmin -F com3

Maana yake, chukua faili la GPX linaloitwa rau, lipeleke kwenye Garmin iliyo COM3. Ikikubali, baada ya muda mfupi pointi zote ziko ndani. Ile ya zamani inabeba pointi 500, na jina la kila pointi lisizidi herufi sita. Kwa hiyo yape majina mafupi mwenyewe tangu kwenye faili. Ukiyaacha marefu programu itayakata, na "Mgomba wa kwanza" na "Mgomba wa pili" vitatoka na majina yasiyokusaidia shambani.

Kwa wenye GPSMAP 60CSx, ambazo waongoza watalii wengi walizipenda: ina tundu la USB lakini usitegemee itokee kama flashi. Inataka draiva ya Garmin, na pointi zinaingia kwa GPSBabel au BaseCamp, programu ya Garmin wenyewe, huku kwenye amri ukiandika usb: badala ya com3. Ukiiweka kwenye hali ya kuonekana kama diski, utakachoona ni memori kadi tu, na faili la GPX utakalolitupia humo halitasomwa kama pointi.

Watu wawili watatu wameniuliza kuhusu tarehe. GPS inawaka, inapata setelaiti, lakini inaonyesha mwaka wa karibu miaka 20 nyuma. Si ugonjwa wa kifaa chako. Mfumo wa GPS unahesabu wiki kwa namba inayofika mwisho baada ya wiki 1,024 na kuanza sifuri tena. Hesabu ilianza Januari 1980, ikajaa Agosti 1999, ikajaa tena Aprili 2019, na vifaa vya zamani vingi havikufundishwa kuivuka. Mahali inakuonyesha sawasawa, tarehe ndiyo inayopotea. Kwa kutafuta makasha haina madhara. Na kama imelala miaka, siku ya kwanza iweke uwanjani, juu ya ukuta, mahali pa wazi, uiache. Orodha kamili ya setelaiti inatangazwa kwa dakika 12 na nusu, na kifaa kilichosahau yote kinahitaji kuisikiliza. Anayewasha sebuleni, akasubiri kidogo na kuzima, hatakipa nafasi hiyo kamwe.

Zima pia WAAS. Ile ni huduma ya kusahihisha mahali kwa Amerika Kaskazini, Ulaya wana EGNOS yao. Kwetu inakula betri bure.

Jambo ambalo sijalikuta kwenye maelezo ya wageni ni ramani za baba mdogo. Ni zile za serikali za 1:50,000, nzuri sana, zina hadi vijito. Zimechorwa kwa datamu, yaani msingi wa kupimia koodineti, ya Arc 1960, wakati GPS na mchezo wote wa makasha vinatumia WGS 84. Tofauti ya hizo mbili huku kwetu ni takriban mita 300, kaskazini kwa kusini. Kwenye karatasi ni milimita 6, upana wa penseli nene. Porini ni ng'ambo ya korongo. Nilimpelekea baba mdogo pointi kutoka kwenye GPS tuipige kwenye ramani, na kabla hajavaa miwani akaniuliza, "Mwanangu, umeisoma kwa datamu gani?" Kazini kwake, anasema, mipaka ya mashamba ya miti iliwahi kugombaniwa kwa jambo hilo tu. Kifaa kina Arc 1960 kwenye orodha yake ya datamu: iweke ukitaka kulinganisha na karatasi, ukimaliza rudisha WGS 84. Ukisahau, koodineti utakazomsomea mwenzako mdomoni zitampeleka pasipo.

Mchezo wetu wenyewe ni wa kiukoo zaidi. Makasha tunayaficha kwenye vihamba vya ndugu, yale mashamba ya migomba ya nyumbani, na machache kando ya njia za wazi kwenda Materuni. Hatufichi kitu ndani ya hifadhi ya taifa. Msitu wa Rau tunakwenda kwa kupita ofisini kwao kwanza, na huko hatuachi kasha, tunaweka pointi tu: mti fulani mkubwa, kivuko, mahali pa kusikilizia mbega. Kwingine kote naanza na mwenye shamba, kisha mwenyekiti wa kitongoji. Boksi lililofungwa vizuri na kufichwa kwenye shina la mti linaweza kumtisha mtu asiyejua, na ana haki ya kutishika. Nikishamwonyesha daftari na penseli, mwenyekiti mara nyingi anataka kuandika jina lake mwenyewe.

Chini ya migomba mawimbi yanadhoofika. Majani mapana yamejaa maji, na asubuhi baada ya mvua ni mabaya zaidi. Ile ya zamani hapo inapotea kabisa, mshale unazunguka. eTrex 10 inavumilia, inasikia pia setelaiti za Urusi za GLONASS, lakini nayo inayumba. Kwa hiyo tunapoficha kasha kihambani hatuchukui pointi papo hapo na kuondoka. Mtoto mmoja anasimama na kifaa juu ya kasha, tunasubiri namba zitulie, tunasoma, tunakwenda pembeni, tunarudi kutoka upande mwingine, tunasoma tena, tunachukua wastani. Wale watoto wanaweza kubishana juu ya desimali ya tatu mpaka bibi yao awaite kula.

Mkirudi nyumbani waya unafanya kazi ya upande wa pili, na kwangu hii ndiyo sehemu tamu. eTrex 10 inaandika kila kasha mlilolipata kwenye faili linaloitwa geocache_visits, ndani ya folda ya Garmin. Muda wake una herufi Z mwishoni, yaani saa za Greenwich. Ukiona 09:12Z ongeza saa tatu, ni 12:12 kwetu, saa sita na dakika 12 mchana. Watoto wanajifunza hapo kwamba jua la Moshi liko mbele ya jua la London, bila mimi kuwachorea dunia ubaoni.

Na kuna njia mliyopita, nukta kwa nukta. Kwenye ile ya zamani naitoa hivi:

gpsbabel -t -i garmin -f com3 -o gpx -F njia.gpx

Vijia vya vihambani vingi havipo kwenye ramani yoyote ya simu. Vya kwetu naviingiza kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, ambayo mtu yeyote anaruhusiwa kuichora. Naweka njia.gpx juu yake, nafuata mstari, nahifadhi. Wiki inayofuata kijia cha kwenda kwa bibi kinaonekana kwenye simu ya mtu yeyote duniani anayetumia ramani hiyo.

Tulipofuata mfongo mmoja wa Old Moshi kutoka kwenye kijito hadi unapogawanyika, kwa ajili ya mchezo tu, mwenyekiti wa mfongo alitukuta, akashika kifaa, akatazama ule mstari, akauliza kama naweza kumprintia. Nikaitoa kwenye karatasi ya A3 dukani. Akakaa nayo mezani kwa baba mdogo na kalamu nyekundu, akatia alama kila mahali kingo zinapovuja na kila mahali watu wanapotoboa kuiba maji usiku. Pointi hizo nimezirudisha kwenye ile GPS ya zamani kwa majina mafupi, MFO01, MFO02 na kuendelea, na msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji, ukiitishwa kabla ya mvua za vuli, yule wa darasa la sita ndiye atakayetangulia mbele ya wanaume wenye majembe.